Pikapu kuukuu na gereji isiyoisha: namna ya kuichagua wewe siku ya matengenezo

Mpira wa juu wa rejeta, ile inayopoza maji ya injini, bei yake haifiki kuku mmoja wa kienyeji. Wangu ulipasuka saa mbili usiku kati ya Katunguru na Kikorongo, katikati ya hifadhi ya Queen Elizabeth, magharibi mwa Uganda, nikitoka Bushenyi na mikungu ya matoke kuipeleka Kasese. Kwa sababu ya giza sikuona mvuke. Mshale wa joto nao haukupanda, ulishuka, nikafikiri hewa ya usiku inaipoza injini. Baadaye ndipo nikaelewa: maji yakiisha kabisa, kile kifaa cha kupima joto hubaki hewani, mshale unaanguka, na injini inaungua huku dashibodi ikionyesha amani. Niliendelea kilomita kadhaa mpaka nguvu zikaisha. Pale hushuki garini ovyo, maana tembo na viboko wanavuka barabara usiku. Nilikaa ndani na tanboi (utingo) wangu mpaka asubuhi.

Silinda hedi, kile kichwa cha chuma kinachofunika silinda, ilikuwa imepinda. Nililipia kuvutwa, kusawazisha hedi kwenye mashine, gasketi mpya, na matoke yaliyoiva njiani nikayauza kwa hasara. Na mpira ule, miezi mitatu kabla, kijana wa gereji alikuwa ameubinya akaniambia, "Mzee, huu umelainika, ubadilishe." Nikamwambia mwezi ujao.

Tangu siku ile nina msimamo mmoja kuhusu gari kuukuu. Matengenezo yake hayaishi, na anayekuahidi kwamba yataisha anakuuzia kitu. Kinachoweza kubadilika ni nani anayechagua siku na mahali. Kazi ile ile ukiifanya nyumbani Jumatatu asubuhi, spea ikiwa mkononi, hailingani bei na ukiifanya usiku porini na mzigo juu. Hatua zilizo hapa chini zote zinatafuta kitu kimoja: kuichagua wewe ile siku. Mfano wangu ni Hilux ya dizeli ya zamani, zile za injini ya 3L na 5L ambazo zimejaa kuanzia Bwera hadi Arua, lakini mengi yanafaa pikapu yoyote.

Hatua ya 1: Toa siku nzima uiguse gari lote

Chagua siku isiyo na mzigo. Anza alfajiri kabla injini haijawashwa, kwa sababu injini iliyolala usiku kucha inasema ukweli. Uwe na daftari, tochi, kitambaa, jeki, vigogo viwili imara na nyundo ndogo.

Kwanza fungua kifuniko cha rejeta. Kifungue injini ikiwa baridi tu; ya moto itakumwagia maji yanayochemka usoni. Tazama rangi ya maji. Yakiwa ya kutu, rejeta inaziba taratibu. Ukiona utando wa oili juu yake, andika kwa herufi kubwa. Chomoa kijiti cha oili: oili ya dizeli huwa nyeusi mapema na hilo halina ubaya, lakini ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia ndani na gari lisitoke hapo.

Sasa mtu awashe injini huku wewe umeshika mpira wa juu wa rejeta, kifuniko kikiwa kimefungwa. Dakika ya kwanza mpira unapaswa kuwa laini, wa kubinyika. Ukigeuka mgumu kama fimbo ilhali bado ni baridi, moshi wa ndani ya silinda unapenya kwenye maji: gasketi ya hedi imeanza kufa. Zima, fungua kifuniko kabla joto halijapanda, washa tena. Ukiona mapovu yanatoka bila kukoma, huna haja ya kumuuliza mtu mwingine.

Moshi nao usome. Mweusi ni dizeli nyingi kuliko hewa, na mara nyingi kosa ni chujio la hewa lililojaa vumbi la murram au noseli (vinyunyizio vya dizeli) zilizochoka. Wa samawati ni oili inayoungua. Mweupe wa asubuhi unaoandamana na kuwaka kwa shida, kisha unapotea, mara nyingi ni glow plagi (za kupasha silinda joto kabla ya kuwaka) zilizokufa. Nimewaona watu wakiambiwa injini imechoka, wafanye ovahoo, yaani kuifungua yote na kuitengeneza upya, kumbe plagi mbili kati ya nne hazipati moto. Zipimwe kwanza, ni kazi ya nusu saa.

Kisha jaribu la kifuniko cha oili. Injini ikiwa inanguruma polepole, kifungue na ukilaze juu ya tundu lake bila kukifunga. Kikitetemeka kidogo, hali ni ya kawaida kwa gari la umri huo. Kikirushwa, ringi za pistoni zimekwisha, na hilo ni jambo la kupangiwa fedha, siyo la kushtukia.

Nenda mbele. Inua gurudumu kwa jeki na uweke kigogo chini ya chasi. Usiingie chini ya gari linaloshikwa na jeki peke yake, hata kwa dakika moja, hata kama fundi wako hufanya hivyo kila siku. Shika tairi juu na chini, ulitikise. Likicheza, mwambie tanboi akanyage breki kwa nguvu, utikise tena. Mchezo ukipotea, ni beringi. Ukibaki, ni boljointi, kiungo kinacholishikilia gurudumu. Kisha shika kushoto na kulia: mchezo hapo ni wa tairodi (fimbo za usukani) au boksi ya usukani. Mbinu hii ya breki imeniokolea fedha nyingi, maana bila hiyo makanika hubadilisha kimoja, kelele inabaki, halafu anabadilisha cha pili.

Mwisho lala chini na ile nyundo. Gonga chasi taratibu kuanzia mbele hadi nyuma, nje na ndani. Chuma kizima hulia kwa sauti kavu, ndefu. Chuma kilicholiwa hutoa sauti iliyokufa, na wakati mwingine magamba ya kutu yanakuangukia usoni. Sikiliza zaidi mahali chasi inapopinda nyuma ya kabini na kwenye vishikio vya springi za nyuma. Sisi wa huku Kasese tuna adui wetu, chumvi ya ziwa Katwe. Gunia linavuja maji ya chumvi, yanapita kwenye matundu ya bodi, yanakaa ndani ya chasi miezi. Kama unabeba chumvi, tandika turubai zito chini ya magunia na uoshe gari kwa maji matamu siku hiyo hiyo, ukiingiza mpira wa maji ndani ya chasi kupitia matundu yake.

Usiku weka maboksi yaliyokunjuliwa chini ya gari zima. Asubuhi matone yatakuonyesha mahali hasa oili inapovuja: mbele ya injini, kati ya injini na giaboksi, au kwenye difu, lile boksi la gia la aksili ya nyuma.

Hatua ya 2: Daftari

Nunua daftari la jalada gumu, likae garini. Kila tukio liandikwe tarehe, kilomita, kilichofanyika, spea ilitoka wapi, bei, na nani alifunga. Hata pancha.

Faida yake haionekani mwezi wa kwanza. Mimi ilinichukua mwaka kugundua, nilipopitia kurasa, kwamba nilikuwa nimebadilisha krosi ya propela (kiungo cha ule mhimili unaopeleka nguvu nyuma) mara tatu. Kila mara niliilaumu spea feki. Nilipomwonyesha fundi mmoja wa makamo zile kurasa, hakugusa krosi. Aliitazama propela yenyewe, akaniambia ilipofunguliwa zamani ilirudishwa vibaya: vipande vyake viwili huingiliana kwa meno, na masikio ya krosi ya mbele na ya nyuma lazima yalale mstari mmoja. Yangu yalikuwa yamepishana. Akaichomoa, akaizungusha, akairudisha. Mtetemo nilioishi nao mwaka mzima ukaisha, na krosi ile ya tatu iko garini hadi leo.

Kitu kinachoharibika mara mbili ndani ya muda mfupi hakikuharibika chenyewe. Kuna kingine kinachokiharibu, na daftari ndilo linalokuonyesha kurudia huko. Kichwa cha binadamu hakikumbuki, hasa kikiwa na deni.

Hatua ya 3: Panga orodha kwa hatari, siyo kwa kelele

Baada ya siku ya ukaguzi utakuwa na orodha ndefu ya kukatisha tamaa. Igawe.

Juu kabisa weka kinachoua: breki, usukani, boljointi, tairi, chasi iliyopasuka, taa za nyuma. Gari lisibebe mzigo wala watu mpaka haya yaishe. Askari wa barabarani nao wanayajua; wakiandika zile herufi tatu, DMC, yaani gari lina hali mbovu ya hatari, faini inakuja juu ya gharama ya spea.

Pili, kitu kidogo kinachoharibu kikubwa: mpira wa maji, pampu ya maji, mkanda wa taiming (unaooanisha vali na pistoni), oili inayovuja. Hapa ndipo fedha zako nyingi zinaweza kuokolewa, na ndipo watu wengi wanapoahirisha, kwa sababu gari bado linatembea.

Tatu, kinachokusimamisha njiani lakini hakiharibu kingine: stata, alteneta, betri. Hapo ninakupa siri moja. Stata nyingi za Toyota zikianza kutoa mlio mmoja tu, "tak", na injini isizunguke, ndani yake kuna vipande viwili vya shaba vilivyolika. Huuzwa peke yake kwa bei ndogo. Uliza kabla hujanunua stata nzima.

Nne, kinachokera: kioo kisichoshuka, kiti kilichochanika, mlango unaolia. Kitangoja. Ninajua kinauma kuliko vyote kwa sababu unakiona kila siku, lakini kitangoja.

Kuhusu mkanda wa taiming niongeze. Injini za 2L, 3L na 5L zinatumia mkanda wa mpira, na Toyota waliweka taa iliyoandikwa T-BELT kwenye dashibodi iwake kila kilomita 100,000. Gari la mkono wa nne huwezi kuiamini taa hiyo wala kisoma kilomita. Kama hujui ulibadilishwa lini, hesabu kwamba haujabadilishwa. Ukikatika, vali zinagongana na pistoni. Badilisha pamoja na puli zake. Kwa wenye Mitsubishi L200 ya 4D56, mikanda iko miwili: ule mdogo wa shafti za kusawazisha ukikatika unaweza kuunasa ule mkubwa, kwa hiyo ibadilishwe yote siku moja.

Hatua ya 4: Shinda joto kwanza

Ukiniuliza ni ugonjwa gani umezika pikapu nyingi huku kwetu, nitajibu joto. Bonde letu ni la moto, milima imeanza hapo hapo mjini, na mzigo wa kahawa kutoka Kyarumba au Kilembe hautaki kusubiri.

Hapa nina ugomvi na makanika wengi. Kijana aliniambia kwa uso mkavu, "Mzee, thamostati ni ya nchi za baridi, sisi huku tunatupa." Nilimwamini miaka miwili. Thamostati, ile vali inayoyafungulia maji njia ya kwenda kwenye rejeta, haikuwekwa kwa ajili ya baridi ya nje. Inaipa injini joto lake sahihi haraka, ili dizeli iungue vizuri na oili ifanye kazi. Zaidi ya hapo, kwenye injini nyingi, ikifunguka hufunga njia ya mkato ambayo maji hupita bila kufika kwenye rejeta. Ukiitoa, njia hiyo inabaki wazi siku zote, na sehemu ya maji inazunguka ndani ya injini bila kupozwa. Kwenye tambarare hutaona tofauti. Utaiona mlimani, gia ya pili, na magunia nyuma.

Kuipima ni kazi ya jikoni. Ifunge uzi, itundike ndani ya sufuria ya maji isiguse chini, bandika motoni. Kila thamostati imechongwa namba ya nyuzi zake, mara nyingi 82 au karibu na hapo. Maji yakikaribia kuchemka inapaswa kuwa imefunguka kabisa, na ukiiacha ipoe ifunge. Isipofunguka, au ikifunguka nusu, tupa na ununue nyingine. Nunua mpya, usiache tundu wazi.

Kifuniko cha rejeta ni kitu kingine kinachodharauliwa. Kile kilichoandikwa 0.9 kinabana maji kwa msukumo, na kwa sababu hiyo hayachemki mpaka yapite karibu nyuzi 115. Mpira wake ukikauka, maji yatachemka mapema na kumwagika, nawe utaambiwa rejeta imeziba. Anza na kifuniko.

Maji ya mtoni yana madini na tope. Tumia kulanti (maji maalumu ya rejeta); ukishindwa kabisa, maji safi ya mvua yana afadhali kuliko ya mto, mpaka upate kulanti. Osha rejeta nje pia: nyasi na wadudu hujaa kwenye mapezi yake, na mbele yako inaonekana safi wakati upande wa feni umeziba. Mipira yote ya maji, ukiibinya na kukuta nyufa au ulaini wa ndizi mbivu, ibadilishe yote mara moja. Halafu hifadhi mmoja wa zamani uliokuwa mzima zaidi kama akiba ya njiani.

Hatua ya 5: Makanika wako

Uwe na mmoja wa injini, mmoja wa umeme, mmoja wa kuchomelea, na usiwahamehame kila wiki. Makanika anayelijua gari lako anasikia mabadiliko kabla yako. Lakini uhusiano huo una masharti, na yasemwe mapema kwa heshima, mkiwa mmekaa, kabla spana haijashikwa.

Usimwambie "badilisha noseli." Mweleze unachokiona: gari linafanya nini, lini, likiwa baridi au moto, na mzigo au bila. Ukimtajia spea, atabadilisha spea uliyoitaja, na tatizo likibaki kosa ni lako. Usimfiche kitu pia. Kama ulipita kwenye maji ya mto Nyamwamba yakafika juu ya magurudumu, mwambie, ili afungue difu na giaboksi aone kama maji yaliingia.

Muulize: utajuaje kwamba ni hiki? Fundi wa kweli atakuonyesha. Noseli zipelekwe kwenye mashine ya kuzipima kabla ya kununua nyingine. Silinda zipimwe kompresheni (nguvu ya mgandamizo) kabla ya kusema ovahoo. Kipimo kimoja cha kompresheni kwa silinda zote nne kina thamani kuliko maoni ya watu kumi waliosimama wakilitazama gari.

Kubalianeni bei ya kazi kando na bei ya spea. Spea ya zamani urudishiwe mkononi, kila moja, hata bushi. Mimi huziweka kwenye gunia nyumbani. Mara mbili nimeichukua ya zamani na kuitumia njiani, na mara moja nilikuta ile "iliyobadilishwa" bado ipo kwenye gari.

Ukiweza, kaa pale. Leta soda, keti kwenye gurudumu, tazama. Utajifunza gari lako, na kazi itakuwa nyingine kabisa.

Hatua ya 6: Kununua spea

Kampala, watu wengi huanzia soko la Kisekka. Ndeeba nako kuna maduka. Kutoka huku kwetu safari ni ya siku nzima, kwa hiyo usiende kwa kitu kimoja. Kusanya orodha, nenda mara moja, na ubebe mabaki ya kitu chenyewe. Neno "ya Hilux" halitoshi: kuna aina nyingi, na beringi ya moja haingii kwenye nyingine. Beba picha ya kile kibati cha injini na namba ya chasi. Kwa spea za Toyota tafuta namba yenye tarakimu 10, tano halafu kistari halafu tano. Ukiwa nayo, muuzaji hawezi kukupa "inayofanana."

Atakuuliza, "Ssebo (bwana), unataka oriji, ya Dubai, au ya mtumba?" Jibu langu hutegemea kitu. Breki, beringi, mkanda wa taiming na gasketi ya hedi ninanunua mpya na nzuri, hata nikikopa. Alteneta, stata, mlango, taa, kioo, hata giaboksi, mtumba uliotoka Japani mara nyingi unashinda kipya cha bei rahisi. Boksi nzuri haithibitishi chochote, maana maboksi yanaigwa. Beringi ishike mkononi uizungushe: iteleze kimya, maandishi yawe yamechongwa ndani ya chuma, yasifutike kwa kucha.

Kama unanunua injini nzima ya mtumba, izungushe kwa spana kwenye puli ya mbele, fungua kifuniko cha oili na upitishe kidole ndani. Tope jeusi zito maana yake oili haikubadilishwa. Dai risiti yenye namba ya injini, kwa sababu kadi ya gari lako imeandikwa namba ya ile ya zamani, na mabadiliko hayo yanatakiwa kuandikishwa.

Hatua ya 7: Fedha kwa kila kilomita

Kosa langu la miaka mingi lilikuwa kutafuta fedha baada ya gari kuharibika. Sasa kila jioni ninasoma kilomita na kuweka shilingi 300 kwa kila moja kwenye laini ya simu ambayo haina kazi nyingine. Mwezi wa kilomita 2,400 unanipa 720,000. Kiwango chako kitafute kwenye daftari: jumlisha matengenezo ya miezi sita, gawanya kwa kilomita ulizotembea. Kitakachotoka kitakushtua, na hicho ndicho kiongezwe kwenye nauli ya mzigo unayomtoza mteja. Mteja akikataa bei hiyo, alikuwa anabebewa mzigo kwa fedha ya injini yako.

Katika fungu hilo yatoke kwanza yale ya kila mara: oili na chujio lake kila kilomita 5,000, mapema zaidi ukifanya kazi kwenye vumbi; chujio la hewa lipulizwe kutoka ndani kwenda nje; maji yamwagwe chini ya chujio la dizeli kila wiki; oili ya breki ibadilishwe kila miaka miwili kwa sababu inanyonya unyevu. Dizeli ya jerikeni ikwepe. Pampu na noseli haziwezi kustahimili maji.

Hatua ya 8: Mzigo na zile springi

Pikapu hizi zilitengenezwa kubeba karibu tani moja. Tunazipakia mbili, kisha tunaongeza mabamba ya springi ili zisilale, na tunaona tumetatua. Uzito haujaondoka. Umehamia kwenye beringi, aksili na chasi.

Na kuna hatari ambayo wachache wanaijua. Nyuma, juu ya difu, pikapu nyingi zina vali iliyounganishwa kwa fimbo ndogo. Kazi yake ni kupima chasi imeshuka kiasi gani na kuamua breki za nyuma zipate nguvu gani. Ukiongeza mabamba, nyuma haishuki tena, vali inadhani gari ni tupu, na breki za nyuma zinapewa nguvu kidogo wakati una tani mbili kwenye mteremko wa Kichwamba. Kama umeongeza springi, fundi wa breki airekebishe ile fimbo, na ahakikishe haijakwama kwa kutu. Ukimaliza mteremko, simama mahali salama, usogeze mkono karibu na kila gurudumu bila kugusa chuma. Moja likiwa na joto kuliko mengine, breki yake imeshika au beringi inakufa.

Garini kaa na mpira wa maji, klipu, mkanda wa feni, fyuzi, waya, lita tano za maji, oili lita moja, jeki, tairi nzima, pembetatu za kuonyesha, kizima moto na tochi.

Hatua ya 9: Weka mstari wa kuacha, ukiwa na akili tulivu

Mstari huu uandike kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari leo, gari likiwa linatembea. Ukiwa umekwama, huwezi kuhesabu. Utasema "nimeshaweka nyingi, niongeze hii ya mwisho," na fedha iliyokwisha kwenda itaendelea kuita nyingine.

Wangu una sehemu tatu. Chasi ikipasuka kwenye kishikio cha springi au karibu na usukani, na fundi wa kuchomelea akisema chuma cha jirani nacho ni chembamba, ninaacha. Matengenezo ya miezi 12, ukiondoa oili na tairi, yakizidi nusu ya bei ambayo gari lingeuzwa leo, ninaacha. Na siku za gereji zikizidi nne kwa mwezi kwa miezi mitatu mfululizo, ninaacha, kwa sababu wateja wananiacha kabla yangu.

Kabla ya kuvuka mstari, linganisha kwa uaminifu. Mwaka 2018 sheria ya Uganda ilikataza kuingiza gari lenye miaka 15 au zaidi tangu litengenezwe, na magari makuukuu chini ya umri huo yanatozwa ushuru wa mazingira juu ya kodi nyingine. Ndiyo maana pikapu za zamani zilizo na kadi safi bado zina soko zuri, na ndiyo maana ya kwako inaweza kustahili ovahoo moja nzuri kama chasi ni nzima. Chasi ndiyo inayoamua. Injini hubadilishwa kwa siku mbili.

Ukiamua kuuza, uza likiwa linatembea. Mwonyeshe mnunuzi daftari lote, pamoja na kurasa mbaya. Mimi nililiuza la kwanza kwa bei niliyoitaja kwa sababu ya daftari hilo, mnunuzi alilisoma saa nzima akiwa amekaa kwenye bodi. Usikabidhi ufunguo na kadi kwa kupeana mikono tu. Hamisheni umiliki rasmi mkiwa pamoja, mbakie na nakala zilizosainiwa, maana jina likibaki lako, makosa ya dereva mpya barabarani yatakutafuta wewe.

Kama unabaki nalo, kesho asubuhi kabla ya kuwasha, shika ule mpira wa juu wa rejeta ubinye.